Vipindi 10 vya utulivu: uchambuzi wa jaribio la shule 84 za Uingereza na yanayowahusu wazazi na walimu wetu

Mnamo Julai 2022, watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford walitoa kwa pamoja makala za kisayansi zilizoeleza matokeo ya kazi ya miaka mingi iliyoitwa MYRIAD. Swali walilolishughulikia linamgusa mzazi na mwalimu popote alipo: je, mtoto anayeingia katika umri wa balehe akifundishwa shuleni namna ya kutuliza akili, kufuatilia pumzi yake na kuyatambua mawazo na hisia zake bila kuzikimbia wala kuzihukumu, atakingika na sonona na wasiwasi katika miaka inayofuata? Shule 84 za sekondari ziliingia katika jaribio hilo, zikiwa na wanafunzi 8,376 wa umri wa miaka 11 hadi 13. Kwa kura, baadhi ya shule zilipangiwa kufundisha mazoezi ya utulivu na nyingine zikaendelea na malezi yao ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja wanafunzi walipimwa tena, na haikuonekana kwamba waliofundishwa mazoezi hayo walikuwa na hali bora kuliko wenzao.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu baadhi ya shule zetu za mijini zimeanza kuletewa programu za aina hii, na wakuu wa shule wanatakiwa kuamua kama wazikubali, huku wazazi wakiambiwa kwamba mtoto atarudi nyumbani akiwa mtulivu. Ninafanya kazi ya unasihi na ninaamini kwa dhati kwamba mtoto anaweza kufundishwa kuituliza nafsi yake. Hata hivyo, naona kwamba jaribio la Uingereza linatuonyesha jambo ambalo tukilipuuza tutapoteza fedha na muda, na pengine tutawaumiza watoto wachache ambao tayari wana maumivu: utulivu wa mtoto hauanzii kwa mtoto, unaanzia kwa watu wazima wanaomzunguka darasani na nyumbani.

Mazoezi yenyewe yalitoka mbali kabla ya kufika darasani. Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha kozi ya majuma kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu ambao dawa zilikuwa hazijawapa nafuu ya kutosha. Aliyachukua mazoezi yenye asili ya Kibudha, akayatoa katika mazingira ya ibada na kuyafanya kuwa tiba ya hospitali. Baadaye wanasaikolojia Mark Williams, John Teasdale na Zindel Segal waliyaunganisha na tiba ya mazungumzo ili kuwasaidia watu wazima waliokuwa wakipona sonona na kuugua tena. Njia hiyo ilionyesha mafanikio, na kuanzia mwaka 2004 miongozo ya tiba ya Uingereza ikaipendekeza kwa watu waliokwisha kuugua sonona mara tatu au zaidi. Tuzingatie walikuwa watu gani: watu wazima walioufahamu ugonjwa wao, waliokuja kwa hiari, wakakaa katika kikundi kidogo mbele ya mtaalamu, na wakatakiwa kufanya mazoezi nyumbani karibu kila siku. Kila moja ya sifa hizo ilibadilika mazoezi yalipohamishiwa shuleni, na nadhani hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Mwaka 2009 walimu wawili wa Uingereza, Richard Burnett na Chris Cullen, walianzisha shirika la kupeleka mazoezi haya shuleni na kutunga mtaala wa vijana uitwao .b, wenye vipindi 10. Matokeo ya mwanzo yalitia moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wanafunzi 522 katika shule 12, ulionyesha kwamba waliosoma mtaala huo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na msongo mdogo zaidi wa mawazo kuliko wenzao, na kwamba waliofanya mazoezi zaidi walinufaika zaidi. Mwaka 2015 kamati ya wabunge wa vyama vyote vya Uingereza ilitoa ripoti iliyohimiza mazoezi hayo shuleni, hospitalini, kazini na hata magerezani. Lakini katika utafiti ule wa 2013 shule hazikupangwa kwa kura. Zilizofundisha zilikuwa zile zilizokuwa na walimu waliokwisha kuipenda kazi hiyo, na mwalimu anayependa anachokifundisha huenda akawasaidia watoto kwa sababu nyingi zisizohusiana na mtaala. Ndiyo maana jaribio kubwa la kura lilihitajika, na shirika la Wellcome likaligharamia.

Inafaa tukiangalie kipindi chenyewe kwa karibu. Katika mojawapo ya mazoezi ya mwanzo, mwanafunzi anaambiwa akae wima kwenye kiti chake, nyayo zake zote mbili ziguse sakafu, makalio yakae imara kitini, na aelekeze mawazo yake kwenye sehemu hizo mbili tu: anahisi nini chini ya nyayo, anahisi nini pale mwili unapokutana na kiti. Kuna zoezi jingine ambalo mwanafunzi huvuta pumzi huku akihesabu kimoyomoyo mpaka 7, kisha akaitoa polepole huku akihesabu mpaka 11. Si mchezo wa namba. Mtu anapovuta pumzi mapigo ya moyo huenda kasi kidogo, na anapoitoa hupungua, kwa hiyo pumzi inayotoka kwa muda mrefu kuliko inavyoingia huupa mwili nafasi ya kushuka kutoka katika hali ya tahadhari. Nimelitumia zoezi hili na watoto wa darasa la nne, nikakuta kwamba hesabu za 7 na 11 ni ndefu mno kwao: wanajikaza, mabega yanapanda, wengine wanakohoa. Hesabu ya 3 kuingia na 5 kutoka inawatosha, na mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye anayesema, bila kuulizwa, kwamba tumbo limeacha kumsokota.

Maandalizi ya walimu katika MYRIAD hayakuwa ya kulipua. Mwalimu alitakiwa kwanza apitie yeye mwenyewe kozi ya majuma 8 kama mwanafunzi, ajifunze kukaa na mawazo na hisia zake, ndipo afundishwe namna ya kuuwasilisha mtaala. Vilevile, shule zilizopangiwa kuendelea na utaratibu wa kawaida hazikuwa zimeachwa hivi hivi, kwa kuwa watafiti walizichagua tangu mwanzo shule ambazo tayari zilikuwa na mpango wa kufundisha stadi za maisha na mahusiano. Kwa hiyo anayesema kwamba jaribio hili lilithibitisha kuwa kuwafundisha watoto kuhusu hisia zao hakuna faida anakwenda mbali kuliko ushahidi. Kilicholinganishwa kilikuwa namna moja ya malezi na nyingine, na hii mpya haikuishinda ile iliyokuwepo.

Matokeo makuu yalikuwa matatu: hatari ya sonona, mwenendo na mahusiano ya mwanafunzi na wenzake, na hali njema ya nafsi kwa jumla. Katika yote matatu, mwaka mmoja baadaye, makundi mawili yalikaribiana mno kiasi kwamba mazoezi hayakuonekana kuwa na faida ya ziada. Zaidi ya hayo, watafiti walipowaangalia peke yao wanafunzi waliokuwa na dalili za matatizo ya akili tangu mwanzo, waliona kwamba hao hawakunufaika, na kwa baadhi yao mambo yalielekea kuwa mabaya kidogo. Tofauti zilikuwa ndogo na si za kumtia mtu hofu kubwa. Hata hivyo, wazo la kuvipeleka vipindi hivi katika kila darasa lilitokana kwa sehemu kubwa na imani kwamba haviwezi kumdhuru mtu yeyote, na imani hiyo haikuthibitishwa.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Jambo la kwanza limo katika takwimu za jaribio lenyewe. Wanafunzi walipewa mazoezi ya kufanya nyumbani, na walio wengi hawakuyafanya. Kwa wastani mwanafunzi alifanya zoezi la nyumbani mara chache mno katika kipindi chote cha majuma 10, kiasi kwamba mtu anaweza kusema kwa haki kwamba alilisikia somo la utulivu bila kuufanyia mazoezi utulivu. Wapo wanaolitumia jambo hili kuutetea mtaala, wakisema dawa ni nzuri isipokuwa mgonjwa hakuimeza. Mimi nalisoma kinyume. Mtoto wa miaka 12 ambaye haoni mtu yeyote nyumbani akikaa kimya hata kwa dakika mbili, na ambaye mama na baba yake hawajui kwamba shuleni kuna kitu kama hicho, hatafanya mazoezi hayo peke yake chumbani, wala sioni kwa nini tumlaumu. Mtaala uliotegemea nyumba bila kuishirikisha nyumba ulikuwa na pengo tangu siku ulipoandikwa.

Jambo la pili ni umri na maumivu. Mtu mzima anapoambiwa ayatazame mawazo yake yakipita kama msafara, anaweza kujiweka pembeni na kuyatazama. Mtoto anayeingia balehe bado anajenga uwezo huo wa kujitazama kwa mbali, na kama ndani yake kuna hofu halisi, kumwambia aielekeze akili yake ndani ni kumfungulia mlango wa chumba asichokuwa na taa ya kuingia nayo. Niliwahi kumwona binti wa darasa la sita aliyetakiwa kufumba macho pamoja na wenzake. Alifumba kwa muda mfupi sana, akafumbua, akaanza kuangalia mlango, na mikono yake ikashika ukingo wa dawati mpaka vidole vikabadilika rangi. Baadaye ilijulikana kwamba kwao usiku haukuwa wakati wa usalama. Kwa mtoto kama huyo giza la kope zilizofumbwa halina utulivu wowote, na wanasihi wenye uzoefu husisitiza kwamba mtoto apewe ruhusa ya kuacha macho wazi na kuangalia kitu kimoja sakafuni, au kuacha zoezi kabisa bila kuulizwa sababu mbele ya wenzake. Katika darasa zima lenye kipindi kimoja kwa juma, na mwalimu mwenye mtaala wa kuumaliza, ni nani atakayemwona binti huyu?

Kuna pia hoja iliyotolewa mwaka 2023 na watafiti Lucy Foulkes na Jack Andrews, kwamba kampeni za kuwafahamisha vijana wote kuhusu matatizo ya akili zinaweza kuwafanya baadhi yao waanze kuitafsiri huzuni ya kawaida kuwa ugonjwa, na tafsiri hiyo ikawaongezea mzigo. Naikubali hoja hii kwa tahadhari, maana katika jamii zetu tatizo lililo kubwa zaidi bado ni la upande wa pili: mtoto anayeumwa kweli anaambiwa ni mvivu, ana deko, au amechezewa. Lakini inatukumbusha kwamba kumfundisha mtoto majina ya hisia pekee hakutoshi.

Sasa nifike kwenye sehemu ya kisa hiki inayotajwa kwa uchache, na ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Watafiti hawakuwapima wanafunzi peke yao, waliwapima walimu pia. Walimu waliopitia kozi na kufundisha walionyesha kupungua kwa uchovu wa kazi, na hali ya shule kwa ujumla, yaani namna watu wanavyoheshimiana na kushirikiana humo, ilionekana kuwa bora zaidi kuliko katika shule nyingine. Manufaa hayo yalionekana zaidi mara baada ya mafunzo na yalififia kwa kiasi kikubwa mwaka uliofuata, jambo linaloonyesha kwamba mwalimu naye anahitaji kuendelea kushikwa mkono. Hata hivyo maana yake haikwepeki. Mazoezi yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wazima yaliwasaidia watu wazima, waliokuja kwa hiari na kuyafanya kweli. Watoto, ambao hawakuulizwa na hawakuyafanya, hayakuwasaidia.

Mtu anaweza kudhani kwamba hilo halina faida kwa mtoto. Mimi naona lina faida kubwa, isipokuwa inachukua njia ndefu. Mtoto anajifunza kutulia kwanza kwa kutulizwa. Kichanga hakijui kupunguza mapigo ya moyo wake, kinabebwa, kinaimbiwa na kupigwapigwa mgongoni, na mwili wa anayekibeba ukiwa umetulia wa kwake nao hufuata. Mtoto wa shule amepiga hatua mbele ya hapo, lakini hajaachana na utaratibu huo. Mwalimu anayeingia darasani akiwa amebana taya, akapiga meza kwa rula ili wanyamaze, kisha akawaambia wavute pumzi na kujisikia salama, anawafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja, na watoto wataliamini lile la taya na rula.

Hapa siwezi kulikwepa suala la kiboko, kwa sababu haliwezi kutenganishwa na mada hii. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado inairuhusu kwa mujibu wa kanuni za mwaka 1979, zinazotaka itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika daftari. Yeyote aliyesoma katika shule zetu anajua kwamba kanuni ni jambo moja na yanayotendeka ni jambo jingine. Mwili wa mtoto anayejua kwamba saa yoyote anaweza kuchapwa kwa kukosa hesabu uko katika hali ya tahadhari kwa sababu nzuri, na kumfundisha pumzi ya kuishusha tahadhari hiyo huku sababu yake ikiendelea kuning'inia ukutani ni kumwomba mtoto ayavumilie makosa yetu. Shule inayotaka kuanzisha mazoezi ya utulivu ianze kwa kuliangalia hilo kabla ya kununua mtaala.

Nyumbani nako kuna ushahidi unaopaswa kutufikirisha. Huko Sydney, Australia, watafiti walifundisha wanafunzi zaidi ya 1,000 wa sekondari stadi za kudhibiti hisia kwa majuma 8, kwa njia tofauti na ile ya Uingereza lakini kwa wazo lile lile la kulifundisha darasa zima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba mara baada ya mafunzo, waliofundishwa walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi kidogo kuliko wenzao, na uhusiano wao na wazazi wao ulikuwa umeshuka. Sioni ugumu wa kuelewa jinsi hali hiyo inavyoweza kutokea. Mtoto anarudi nyumbani na lugha mpya ya hisia na haki ya kusema anachohitaji, na anamkuta mzazi aliyechoka ambaye hakuna mtu aliyemwandaa. Katika nyumba zetu, ambamo mtoto kumwambia baba yake "umeniumiza" kunaweza kuhesabika kuwa utovu wa adabu, pengo hilo litakuwa pana zaidi. Kumfundisha mtoto lugha ambayo nyumbani hakuna wa kuijibu si msaada kwake.

Kwa hiyo kama ningeulizwa na shule wapi pa kuanzia, ningesema: kikao cha wazazi. Nisingependa kiwe cha kuwatangazia programu. Kiwe cha kuwauliza wanafanya nini wanapotaka kutulia, kwa kuwa familia nyingi zina njia zao ambazo shule haizijui. Bibi anayekaa na tasbihi baada ya swala ya alfajiri na kurudia dhikri kwa sauti ya chini, familia inayosali rozari pamoja kabla ya kulala, mama anayechambua mchele kwenye ungo bila redio wala simu: hizo ni dakika za umakini na ukimya zilizopo tayari, zenye heshima na mizizi, na mtoto amekwisha kuziona tangu akiwa mgongoni. Mzazi wa Kiislamu au wa Kikristo akiletewa mazoezi haya kama elimu mpya kutoka ng'ambo ana haki ya kuwa na mashaka, na nimewasikia wengi wakiuliza kama ni dini ya watu. Swali hilo lijibiwe kwa uwazi na kwa adabu, na asili ya mazoezi isifichwe. Aelezwe pia kwamba zoezi la kuhisi nyayo sakafuni na kurefusha pumzi halimtaki mtu aamini jambo lolote, na kwamba dakika zake mwenyewe za utulivu zinatosha kabisa, mradi mtoto akaribishwe ndani yake.

Ninachowaomba wazazi hakizidi dakika tano. Mtoto anaporudi kutoka shuleni, kabla ya "umepata ngapi?", akae na mzazi kwenye mkeka au ngazi za mlangoni, wanywe maji, na mzazi aseme kwanza hali yake mwenyewe kwa maneno ya kawaida: leo nimechoka, kifua kilinibana kidogo kazini, sasa kimelegea. Kisha anyamaze. Hapo namwomba mzazi ajizuie kuhoji, na ndipo penye ugumu, kwa kuwa tumezoea kwamba mkubwa huuliza na mdogo hujibu. Mtoto akisikia mkubwa akiitaja hisia bila aibu na bila kulaumu mtu, anapata mfano wa kuifuata hisia yake mwenyewe. Wapo watakaokaa siku nyingi bila kusema kitu, nao wasilazimishwe.

Jirani zetu wametuonyesha kwamba inawezekana kufanya tofauti hata pasipo wataalamu wengi. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake waliandaa programu iitwayo Shamiri kwa wanafunzi wa sekondari. Katika jaribio lililoanza mwaka 2019 na kuchapishwa mwaka 2021, walichukua wanafunzi 413 wenye umri wa miaka 13 hadi 18 kutoka shule 4, wote wakiwa na dalili zilizozidi kiwango za sonona au wasiwasi, wakawagawa kwa kura. Nusu yao walikutana katika vikundi vidogo, saa moja kwa juma kwa majuma manne, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari si zamani na kupewa mafunzo mafupi. Nusu nyingine walifundishwa mbinu za kujisomea kwa muda ule ule. Dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokuwa katika Shamiri, na tofauti hiyo ilikuwepo hata miezi 7 baadaye, wakati ambapo janga la korona lilikuwa limefunga shule.

Programu hii haifundishi mazoezi ya kukaa kimya, na sitaki kuzilinganisha kana kwamba ni kitu kimoja. Vijana wanazungumza kuhusu uwezo wa mtu kukua na kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo wanayoyathamini maishani na namna ya kuyaishi kila siku. Lakini tukiiweka kando ya jaribio la Uingereza tunaona kwamba kila kiungo kimewekwa mahali tofauti. Waliosaidiwa ni wale waliokuwa na uhitaji, baada ya kupimwa. Kikundi ni kidogo, kwa hiyo anayenyamaza anaonekana. Anayeongoza ni kama kaka au dada aliyekaa kwenye dawati lile lile juzijuzi, aliyeufanya mtihani ule ule na kuogopa ada ile ile. Na maudhui hayamtaki kijana ashuke peke yake ndani ya maumivu yake, yanampa kitu cha kushika anapotoka. Hizo ni tofauti ninazoziona mimi, na hakuna utafiti uliozipima moja moja ili kusema ipi ilileta nafuu. Hata hivyo zinaelekeza upande mmoja.

Kuna kizuizi ambacho hakuna mpango unaoweza kujifanya haukioni, nacho ni idadi. Darasa la wanafunzi 80 au 100 lenye mwalimu mmoja haliwezi kugeuzwa vikundi vya watu 10 kwa kuandika tu katika ratiba. Ninachokipendekeza kwa shule kama hiyo ni kuacha wazo la kuwafundisha wote, na kuanza na walimu watatu au wanne wanaotaka wenyewe. Hao wajifunze mazoezi kwa ajili yao, wakutane mara moja kwa juma ofisini baada ya vipindi, na wasitakiwe kumfundisha mtu yeyote kwa muhula mzima. Ndipo waanze na jambo dogo: pumzi tatu ndefu kabla ya kugawa karatasi za mtihani, wakiwa wamesimama, macho wazi, na yeyote asiyetaka akiachwa asimame tu. Sidai kwamba pumzi hizo zitazuia sonona. Zinachukua chini ya dakika moja, na zinampunguzia mtoto tetemeko la mkono anaposhika kalamu, na hilo linatosha kuwa sababu ya kuzifanya.

Wakati huohuo walimu hao wafunzwe kumtambua mtoto anayebadilika: aliyekuwa mchangamfu akajitenga, anayesinzia kila asubuhi, anayeshtuka mno akiguswa begani, aliyeacha kula na wenzake, anayeandika maneno ya kutaka kutoweka. Mtoto huyo asipewe zoezi la pumzi na kurudishwa darasani. Akae na mtu mmoja anayemwamini, mahali pasipo masikio mengi. Mzazi aitwe, isipokuwa pale inapoonekana kwamba hatari iko nyumbani kwenyewe, na mtoto apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya. Tanzania na Kenya zote zina simu ya watoto namba 116 isiyolipiwa, ambayo mwalimu, jirani au mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Namba hiyo iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, katika kimo ambacho mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuisoma.